Barua kwa Mjamzito Isubiri Mtoto Azaliwe

Nchini Marekani, wanandoa wanaotaka kuasili mtoto mchanga huanza kwa kuandika barua. Siku hizi barua hiyo mara nyingi ni kitabu kidogo cha picha chenye karatasi za kung'aa, na msomaji wake ni mwanamke mwenye mimba ambaye hawajawahi kuonana naye. Ukurasa wa kwanza mume na mke wamekumbatiana. Kurasa zinazofuata zina nyumba yao, ua wenye bembea, mbwa, wazee wa pande zote mbili, meza ya Krismasi, na chumba cha mtoto kilichokwisha kupakwa rangi. Maneno yamejaa upole: wanamsifu mjamzito kwa ujasiri wake, wanamwahidi kumtumia picha za mtoto kila mwaka, na mwishoni wanaacha namba ya simu isiyomgharimu chochote. Mashirika yanayosimamia kazi hii huwashauri wanandoa wavae nini na wacheke vipi mbele ya kamera, kisha humpelekea mjamzito vitabu kadhaa achague. Sina nia ya kuwabeza wanaoiandika barua hiyo, kwa sababu wengi wao wamehangaika kupata mtoto kwa miaka na wanaandika kwa moyo mweupe. Hoja yangu ni kwamba barua ni jambo jema lililowekwa wakati mbaya. Iandikwe, isomwe, na mama achague. Lakini ifunguliwe baada ya mtoto kuzaliwa na baada ya mama kuamua kwa hiari yake kwamba hatamlea. Jambo hili linatuhusu sisi Afrika Mashariki, kwa kuwa simu zetu za mkononi zimeshaanza kuwakutanisha watu wasio na watoto na wasichana wenye mimba kabla sheria haijapata habari.

Tuanze kwa kuitendea haki barua yenyewe, maana ilizaliwa kutokana na dhuluma. Mwaka 1917 jimbo la Minnesota lilianza kuzifunga kumbukumbu za watoto walioasiliwa, na majimbo mengine yakafuata. Kati ya mwaka 1945 na 1973 wasichana waliopata mimba nje ya ndoa walipelekwa kwenye nyumba maalumu mbali na mitaa yao, wakajifungua kwa siri, wengine bila kuruhusiwa hata kumshika mtoto, kisha wakarudishwa makwao na kuambiwa wasahau. Ann Fessler, aliyekusanya simulizi zao katika kitabu alichokitoa mwaka 2006, anakadiria kuwa akina mama wapatao milioni 1.5 waliwatoa watoto wao katika kipindi hicho. Haikuwa Marekani peke yake. Tarehe 21 Machi 2013 waziri mkuu wa Australia wakati huo, Julia Gillard, aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake kwa mambo ya aina hiyohiyo. Katika utaratibu huo wa zamani mama hakujua mtoto wake ameangukia mikono ya nani, na mtoto alikua bila kujua alikotoka. Mwaka 1976 wataalamu watatu wa California, Annette Baran, Reuben Pannor na Arthur Sorosky, walichapisha hoja kwamba pande mbili zinaweza kufahamiana bila mtoto kudhurika. Barua ya kujitambulisha ni tunda la mageuzi hayo.

Na mageuzi yameonyesha faida. Watafiti Harold Grotevant na Ruth McRoy walizifuatilia familia 190 za kuasili nchini Marekani tangu miaka ya 1980. Walikuta kwamba mtoto anayemfahamu mama aliyemzaa hachanganyikiwi kuhusu nani wazazi wake, na kwamba wazazi wa kuasili wanaofahamiana na mama huyo hawaishi kwa hofu kubwa ya kunyang'anywa mtoto, kinyume na ilivyodhaniwa. Kwetu huku jambo hilo halishangazi. Mtoto aliyelelewa na shangazi, mama mdogo au bibi anamjua aliyemzaa, anamtembelea sikukuu, na hakuna anayeona ajabu. Waislamu wanayo kafala, ambapo mtoto hulelewa na kutunzwa kikamilifu huku akiendelea kuitwa kwa jina la baba yake mzazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kafala katika ibara yake ya 20 kuwa mojawapo ya njia halali za kumtunza mtoto asiye na familia. Kwa hiyo uwazi haunisumbui hata kidogo. Mama ajue, mtoto ajue, wazazi wa kuasili wajue. Kinachonisumbua ni kalenda.

Hebu tuangalie mambo yanavyokwenda. Watoto wachanga wanaoasiliwa kwa njia hii Marekani ni takriban 18,000 kwa mwaka, na wanaowataka ni wengi mno kuliko hao. Gharama kupitia shirika binafsi huanzia kama dola 20,000 na hupita 45,000, na mlipaji ni wanandoa. Mjamzito akishachagua kitabu, wanandoa hao, kwa kadiri sheria ya jimbo inavyoruhusu, huanza kumlipia kodi ya nyumba, chakula, matibabu na nguo za ujauzito. Wanakutana naye mgahawani, wanamsindikiza kliniki, wanaona mapigo ya moyo ya mtoto kwenye skrini pamoja naye. Mara nyingi wanakuwapo hospitalini siku ya kujifungua. Muda mfupi baadaye karatasi zinaletwa. Massachusetts humtaka mama asubiri hadi siku ya nne. Majimbo mengine saa 48 au 72. Utah kwa miaka mingi imeruhusu asaini saa 24 tu baada ya kujifungua, na akishasaini hawezi kurudi nyuma. Mwanamke huyu bado anavuja damu, maziwa ndiyo kwanza yanaanza kutoka, na hajalala usiku mzima. Kubadili nia kwake ni kuwatazama usoni watu waliomlipia pango kwa miezi minne, ambao wamekaa kwenye korido na kiti cha mtoto cha kufungwa garini, na kuwaambia warudi nyumbani mikono mitupu. Fadhila ni deni, na deni hili linadaiwa siku ambayo mdaiwa ana nguvu kidogo kuliko siku zote za maisha yake. Hakuna aliyemtishia, na hapakuwa na haja ya kumtisha.

Mtu anaweza kusema kwamba mwanamke aliyekusudia kumtoa mtoto atamtoa tu, barua iwepo isiwepo. Ushahidi unasema vingine. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake waliotaka kutoa mimba wakakataliwa, miongoni mwa waliojifungua ni asilimia 9 tu waliomtoa mtoto aasiliwe, waliobaki walimlea. Hata mwanamke ambaye hakuitaka mimba tangu mwanzo, mara nyingi akimshika mtoto hamwachi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwanasosholojia Gretchen Sisson, aliyewahoji kwa miaka kadhaa akina mama waliotoa watoto wao na kuchapisha matokeo mwaka 2024, anaonyesha kwamba wengi wao walisukumwa na ukosefu wa fedha, nyumba na mtu wa kuwashika mkono, wala hawakukosa nia ya kulea. Sasa linganisha. Kwa mwaka 2024 serikali ya Marekani iliwapa wazazi wa kuasili nafuu ya kodi ya hadi dola 16,810 kwa kila mtoto waliyemwasili, wakati nafuu ya kawaida ya mzazi anayemlea mwanawe ilikuwa hadi dola 2,000 kwa mwaka. Ya kwanza hutolewa mara moja na ya pili hurudi kila mwaka, lakini kwa msichana anayedaiwa pango mwezi huu, nafuu iliyo kubwa iko upande wa wale walioandika barua. Kitabu cha picha kinamwonyesha nyumba yenye bembea. Hakimwonyeshi kwamba sehemu ndogo tu ya fedha hizo ingemtosha yeye kubaki na mtoto wake.

Pia mpango unaofungwa kabla ya kuzaliwa huwavuta matapeli kama mzoga unavyovuta fisi. Paul Petersen, wakili wa Arizona aliyekuwa pia ofisa wa kuchaguliwa wa kaunti, aliwasafirisha wanawake wajawazito kutoka Visiwa vya Marshall ili watoto wao waasiliwe Marekani, ingawa makubaliano ya nchi hizo mbili yamekataza safari za namna hiyo bila viza maalumu tangu mwaka 2003. Desemba 2020 mahakama ya shirikisho huko Arkansas ilimhukumu kifungo cha miezi 74, na kesi za majimbo mengine zikafuata. Mwaka huohuo mwanamke mmoja wa Michigan aliyekuwa akiwaunganisha wajawazito na wanandoa alihukumiwa kwenda jela zaidi ya miaka 10: alimuahidi mtoto mmoja kwa familia zaidi ya moja, na wakati mwingine alimuahidi mtoto ambaye hakuwapo kabisa. Walioumizwa katika kesi hiyo ni wanandoa waaminifu, waliokopa fedha, wakapaka rangi chumba, wakasubiri simu. Kwa hiyo kusubiri mtoto azaliwe kunawalinda hata wanaotaka kuasili. Asiyeruhusiwa kuuza ahadi ya mtoto aliye tumboni hana cha kuwauzia.

Nchi nyingine zimeliona hili zamani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2002 haitambui ridhaa ya mama iliyotolewa kabla mtoto hajafikisha wiki 6, na inawakataza watu kutangaza hadharani kwamba wanatafuta mtoto wa kuasili. Katika jimbo la New South Wales, Australia, mama haruhusiwi kutoa ridhaa kabla ya siku 30 tangu ajifungue. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto kutoka nchi moja kwenda nyingine unataka ridhaa ya mama itolewe baada ya mtoto kuzaliwa, na ibara yake ya 29 inazuia wanaotaka kuasili kuwasiliana na wazazi wa mtoto kabla masharti ya msingi hayajatimizwa, isipokuwa kama ni ndugu au mamlaka ya nchi ya mtoto imeweka utaratibu wake. Burundi, Kenya na Rwanda zimo katika mkataba huo. Marekani nayo imo, na umekuwa ukitumika kwake tangu mwaka 2008. Matokeo yake ni kwamba wanandoa wa Chicago hawaruhusiwi kumtafuta mjamzito wa Bujumbura na kuanza kumbembeleza kwa barua na picha, ila mjamzito wa mtaa wa pili wanaruhusiwa. Kinachoonekana kuwa hatari kwa mama wa Burundi hakiwezi kugeuka salama kwa sababu tu mama ni Mmarekani.

Sisi hatuko nyuma kwenye karatasi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2001 ilisema wazi kwamba mipango ya kuasili isianzishwe kabla mtoto hajatimiza wiki 6 na kutangazwa rasmi kuwa anaweza kuasiliwa, na sheria mpya ya mwaka 2022 imeubakiza msingi huo. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, uamuzi wa kuasili uko mikononi mwa Mahakama Kuu, na ofisa wa ustawi wa jamii lazima aichunguze familia inayoomba. Lakini karatasi haiendi wodi ya wazazi. Huko kuna njia nyingine inayojulikana: jirani amjuaye muuguzi, mchungaji amjuaye mama mgumba, siku hizi kundi la WhatsApp. Msichana aliyefukuzwa nyumbani anaambiwa kuna watu wema wa mjini watakaomlipia kila kitu. Wanakutana, wanamnunulia khanga na kumpa nauli, na mpango unafungwa mimba ikiwa ya miezi saba. Mpango ukishafungwa hivyo, kishawishi cha kumwandikisha mtoto moja kwa moja kwa jina la mwanamke mwingine kinakuwa kikubwa, na mtoto anaanza maisha kwa cheti cha uongo. Novemba 2020 makala ya uchunguzi ya BBC ilionyesha jinsi watoto wanavyouzwa Nairobi, baadhi yao kupitia watu waliokuwa na dhamana ya kuwalinda. Mnunuzi na mwenye huruma hawalingani, lakini wote wawili wanapita mlango mmoja, nao ni ule wa kumfikia mama kabla hajajifungua. Tukiufunga kwa mmoja lazima tuufunge kwa wote.

Pingamizi la kwanza ni zito. Watasema namnyima mwanamke haki yake: mtu mzima ana akili timamu, kwa nini asiruhusiwe kupanga mapema mtoto wake aende kwa nani? Jibu ni kwamba sijamwondolea uchaguzi wowote. Akitaka wazazi wa imani yake, wa kabila lake, wanaoishi karibu, au wanaokubali kumpelekea habari za mtoto, aseme, na barua ziletwe mbele yake azisome moja baada ya moja. Ninachoomba ni azisome akiwa ameshamwona mtoto na ameshajua anachokitoa. Zaidi ya hapo, huyo anayedaiwa kuchagua kwa uhuru mara nyingi anashauriwa na mtu anayelipwa na shirika, na shirika linalipwa na wanandoa. Hata ahadi ya picha za kila mwaka aliyovutiwa nayo ni dhaifu: katika majimbo mengi haina nguvu ya kisheria, na hata pale inapotambuliwa, kuivunja hakubatilishi hukumu ya kuasili. Uhuru wa kuchagua unahitaji mshauri asiyekula kwenye sahani ya upande mwingine.

Pingamizi la pili linamhusu mtoto. Wiki 6 ni nyingi katika umri wake. Je, alelewe na nani wakati watu wazima wanasubiriana? Nakubali hii ni gharama halisi, na sitaki ilipwe kwa kumlaza mtoto kwenye makao yenye vitanda 30 na mlezi mmoja. Mama anayetaka kukaa naye asaidiwe kukaa naye, na asiyetaka, mtoto apelekwe kwa familia ya muda iliyokwisha kuchunguzwa. Tanzania ina mpango wa familia za kuaminika zinazopokea watoto kwa muda chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii. Mpango huo ukuzwe. Wiki 6 kwenye kifua cha mlezi mwema haziharibu maisha ya mtoto. Kinachoyaharibu ni kugundua akiwa na miaka 20 kwamba mama yake alisaini akiwa na homa na deni la pango.

Tatu, watasema: mkiweka vikwazo, wasichana watatupa watoto chooni. Hofu hii ina msingi, kwa sababu habari za vichanga vilivyookotwa hazipungui katika magazeti yetu. Lakini anayemtupa mtoto mara nyingi ni yule aliyeficha mimba na hakuona mlango wowote wa kugonga. Huyo hahitaji wanandoa wenye kitabu cha picha. Anahitaji muuguzi asiyemtukana, ofisa anayemwambia kwamba kumkabidhi mtoto kihalali si kosa la jinai, na pa kulala hadi ajifungue. Msaada huo uanze siku ya kwanza ya mimba, bila kungoja chochote. Kinachosubiri ni jambo moja tu, kumkutanisha na wanaomtaka mtoto. Tukivitenganisha viwili hivyo, msaada unabaki msaada.

La mwisho ni la wanandoa wenyewe, na nalisema kwa heshima. Katika jamii zetu kukosa mtoto ni mzigo unaobebwa zaidi na mwanamke, kwa maneno ya mawifi na minong'ono ya harusini, na njia ya kisheria ni ndefu yenye mafaili yanayopotea. Watasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na wako sahihi. Ila ufupi wa njia usitafutwe kwenye tumbo la mwanamke maskini. Utafutwe kwenye mahakama zinazochelewesha kesi, kwenye ofisi za ustawi zenye ofisa mmoja kwa wilaya nzima, na kwa watoto ambao tayari wamezaliwa na wanasubiri familia, wakiwemo wenye miaka mitano na wenye ulemavu, ambao hakuna anayewaandikia barua.

Nchi zetu zinaweza kuchukua kilicho bora kwa Wamarekani na kuacha kilicho kibaya. Barua za kujitambulisha zipokelewe na ustawi wa jamii na kuwekwa kwenye faili, bila picha ya fahari wala namba ya simu. Mama apate mshauri anayelipwa na umma, na aulizwe kwanza, kwa maandishi, ni msaada gani ungemwezesha kumlea mtoto mwenyewe. Msaada huo utolewe kabla ya barua yoyote kufunguliwa. Wiki 6 zikipita na nia yake ikabaki ileile, achague familia na akubaliane nayo juu ya mawasiliano, na mahakama iandike makubaliano hayo ndani ya amri yake. Malipo yoyote kutoka kwa wanandoa kwenda kwa mama kabla ya hapo yahesabiwe kuwa kosa, hata yakiitwa nauli. Hospitali zetu zibandike masharti haya ukutani katika kila wodi ya wazazi, kwa Kiswahili kinachosomeka, pale ambapo mama na wanaomzunguka wote watayaona.